Muulize Nahodha: Mnara nauona, ila niko mbali nao kiasi gani?

Toleo lililopita niliropoka mstari mmoja tu, kwamba ukiwa baharini na huku ufukweni unaona kitu kimoja tu cha maana, mnara wa taa tuseme au ncha ya rasi, pima pembe yake kutoka omo (pua ya chombo), subiri mpaka pembe iwe dabo, yaani mara mbili, na ule mwendo uliokwenda hapo katikati ndo umbali wako kutoka kwenye hicho kitu. Nikaweka nukta nikaenda zangu. Kosa langu. Barua zimejaa, zingine za kuuliza zingine za kufoka, na moja ya mtu aliyekaribia kupanda fungu la mchanga kwa sababu yangu (anavyodai yeye), kwa hiyo leo ukurasa wote ni huo huo na sijibu kingine.

Swali: Shikamoo nahodha. Mimi ni kadeti mwaka wa kwanza. Darasani tulipewa hii ya 45 na 90, nikaikariri na mtihani nikapita nayo, ila nikiulizwa kwanini inafanya kazi nabaki kutoa macho. Na hiyo yako ya dabo ni kitu kile kile au nyingine? Nielekeze kama unamwelekeza mtu mgumu.

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kukiri maana wapo wazee wazima wenye mvi hawajui na hawatauliza.

Chukua karatasi. Chora mstari mnyoofu, huo ndo njia ya chombo chako. Pembeni ya mstari weka nukta, huo mnara. Simama kwenye mstari mahali popote, paite A, alafu chora mstari mwingine kutoka A kwenda mnarani, na ile pembe kati ya njia yako ya mbele na mnara tuseme ni nyuzi 30. Hiyo ndo pembe ya omo, yaani kitu kiko nyuzi ngapi kutoka pale pua ya chombo inapoelekea, haina habari na kaskazini wala kusini. Sasa songa mbele kwenye mstari wako mpaka pembe hiyo iwe 60, hapo paite B. Umeshapata pembetatu: A, B na mnara. Ndani ya pembetatu, kule A kuna 30. Pale B, kwa ndani, kuna 180 toa 60, yaani 120. Pembetatu nzima lazima ijae 180, kwa hiyo kule mnarani zimebaki 30. Umeona? A ni 30 na mnarani ni 30, na pembetatu yenye pembe mbili sawa ina pande mbili sawa, ile pembetatu pacha ya shuleni. Upande wa A mpaka B ni sawa na upande wa B mpaka mnarani. Wa kwanza umeupima mwenyewe kwa saa na kasi, wa pili umepewa bure.

Ukitumia 20 na 40 inakubali, 35 na 70 inakubali, na 45 na 90 ni mtoto wa familia hiyo hiyo, dabo ile ile. Imependwa kuliko ndugu zake kwa sababu 90 maana yake kitu kiko ubavuni kabisa na huhitaji chombo chochote kujua kitu kiko ubavuni, unatazama tu kufuata ubao wa kukalia uliolala kushoto kwenda kulia. Mabaharia wa zamani waliita hii njia ya pointi nne, maana duara la dira lilikuwa linagawanywa pointi 32, kila moja nyuzi 11 na robo, sasa piga nne uone.

Kwa namba inakuwa hivi: unakwenda noti 6 (noti ni maili ya bahari kwa saa), saa 4:10 asubuhi mnara uko 45 kutoka omo, saa 4:32 uko ubavuni. Dakika 22 kwa noti 6 ni maili 2.2, basi uko maili 2.2 kutoka mnarani, kama kilomita 4 hivi maana maili ya bahari ni mita 1852. Hesabu ya kichwani usijitese, dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa kwa hiyo ukienda noti 6 kila dakika 6 umekula maili 0.6, ukienda noti 8 umekula 0.8. Na hilo neno noti lenyewe ni fundo kwa Kiingereza, zamani walikuwa wanatupa ubao majini umefungwa kamba yenye mafundo kila mita 14.4, wanageuza chupa ya mchanga ya sekunde 28 na kuhesabu mafundo mangapi yamewatoka mkononi. Mafundo sita, noti sita.

Swali: Nahodha, njia yako haifai. Mnara ulikuwa 330 kutoka omo. Nikadabo nikapata 660. Duara lina 360. Sasa hiyo 660 iko wapi, angani?

Jibu: Nimecheka mpaka chai imenipalia, samahani kaka. Ukihesabu pembe ya omo kwa mtindo wa kuzunguka kulia mpaka 360, kitu kilicho upande wa kushoto kitakuja na namba kubwa. Ila kinachodabo ni ule upana wa pembe kati ya omo na kitu, haijalishi upande gani. 330 ni 360 toa 330, yaani nyuzi 30 kushoto. Dabo yake ni 60 kushoto, ukirudisha kwenye mtindo wako ni 300. Kwa hiyo ulikuwa unasubiri 300. Kwa ushauri wangu, kwenye kazi hii achana na mia tatu na ngapi, sema "thelathini kushoto", "sitini kushoto", kichwa kinapumzika.

Swali: Salaam kapteni. Mimi nina lalamiko. Hii 45 na 90 inanipa umbali nikiwa nimeshafika ubavuni kwa kitu. Kama mbele ya ile rasi kuna mwamba uliozama, jibu linakuja wakati niko juu ya mwamba! Ni kama kuambiwa bei baada ya kula. Hakuna ya kujua mapema?

Jibu: Ipo, na lalamiko lako ndo lalamiko la haki kuliko yote mwezi huu.

Ya kwanza ni 30 na 60. Ukifika 60 umbali wako kutoka mnarani ni ule mwendo uliokwenda, hiyo tumeshaiona, lakini pia unaweza kusema tayari utapita mbali kiasi gani mnara ukija ubavuni: chukua mwendo huo, toa sehemu moja ya nane, kinachobaki ndo chenyewe. Umekwenda noti 8 kwa dakika 18, ni maili 2.4, basi ubavuni utakuwa kama maili 2.1. Na bado una nusu ya ule mwendo kabla ya kufika hapo, maili 1.2, dakika 9. Muda wa kutosha kugeuza usukani ukiwa hujapenda jibu. Hizo dakika 9 zikumbuke, nitazirudia chini.

Ya pili mimi ndo naipenda, 26 na nusu kwa 45. Hii sio dabo, ni mnyama mwingine. Mwendo utakaokwenda kati ya 26.5 na 45 ni sawa moja kwa moja na umbali utakaopita nao mnara ukiwa ubavuni, hakuna cha kutoa wala kugawanya. Noti 6, dakika 15, maili 1.5, basi utapita maili 1.5. Ukiangalia chati, ramani ya bahari, ukakuta fungu linatokeza maili 1.7 kutoka mnarani, hapo unasogea nje na bado una dakika 15 nyingine mbele yako. Zipo jozi zingine zinazofanya kazi hiyo hiyo kwa kukaribia sana, 22 na 34, 25 na 41, 32 na 59, 40 na 79. Ziandike nyuma ya jalada la daftari la safari.

Ukikosa pembe uliyoisubiri, mvua imefunika au ulikuwa unafungua injini, usitupe kazi. Pima ile utakayoipata alafu tumia kikokotoo: mwendo zidisha kwa saini ya pembe ya kwanza (saini ya hesabu, sio ya kusaini fomu), gawanya kwa saini ya tofauti ya pembe mbili. Ulikuwa na 25, ukapata tena mnara kwenye 65, katikati umekwenda maili 2: inatoka maili 1.3. Huo ni umbali wakati wa pembe ya pili.

Kitu kimoja tu usikifanye, usianze na vipembe vidogo kwa tamaa ya kujua mapema zaidi. Tuseme umesoma 10 na 20, umekwenda maili 3, unajiambia uko maili 3. Kama ile 10 kwa kweli ilikuwa 8, nyuzi mbili tu, chombo kimeyumba kidogo, uko maili 2. Kosa hilo hilo la nyuzi mbili kwenye 45 linakupunguzia 3 yako iwe 2.8. Kwa hiyo chini ya 20 mimi sianzi.

Swali: Nahodha habari. Boti yangu ni ya wazi, injini moja nyuma, sina hata dira ya mkononi. Hizi nyuzi 26 na nusu nitazipata wapi, kwa macho?

Jibu: Kwa gundi, ule utepe wa karatasi unaonata wa mafundi rangi.

Kaa pale unapokaa ukiendesha, katikati ya boti. Kutoka usawa wa macho yako pima mpaka ukingo wa kulia, tuseme ni mita 1. Pale ukingoni, ubavuni kwako kabisa, bandika gundi ya kwanza, hiyo ni 90. Toka hapo sogea mbele sambamba na boti mita 1 nyingine, bandika ya pili, hiyo ni 45. Sogea mita 1 tena, bandika ya tatu, hiyo ni 26 na nusu. Fanya na kushoto. Basi. Ukikaa pale pale kila siku na ukitazama mnara kupitia gundi ya tatu, alafu ya pili, alafu ya kwanza, una kila kitu.

Na angalia ilivyo nzuri, gundi zimepishana sawa kwa sawa, mita moja moja, na umbali wako mpaka ukingoni nao ni mita moja. Sasa huko baharini ni vile vile ila kubwa: kutoka gundi ya tatu mpaka ya pili ni mwendo fulani, kutoka ya pili mpaka ya kwanza ni mwendo ule ule, na umbali wa mnara ubavuni ni ule ule. Boti yako imekuwa mchoro mdogo wa bahari. Ndo maana ile namba ya ajabu 26 na nusu ipo, ni pembe ya "mbele mara mbili ya pembeni", hakuna uchawi.

Tahadhari mbili. Ukingo wa boti nyingi unapinda kuingia ndani ukielekea omo, kwa hiyo usifuate ukingo, vuta uzi ulionyooka sambamba na mstari wa katikati alafu bandika pale jicho, uzi na ukingo vinapokutana. Na ukihama kiti hata kidogo gundi zinadanganya. Ukiwa huna gundi, mkono nao ni kipimo, ngumi ukiinyoosha mkono wote ni kama nyuzi 10, shubiri kama 20. Ila mkono wa kila mtu na wake, jipime kwanza: mzunguko mzima wa upeo ni 360, hesabu ngumi zako ngapi zinauzunguka.

Swali: Nahodha sikufichi, nimekasirika. Nilifuata maneno yako, 45 mpaka 90, noti 6, nusu saa kamili, kipima mwendo kikasema maili 3.0. Nikachora kwenye chati maili 3 kutoka mnarani, kina pale kinatakiwa mita 30. Mashine ya kina inasoma 14, na inapungua. Nikageuza nje fasta. Nani amekosea, mimi, chati au wewe?

Jibu: Mimi, kwa kusema "mwendo" bila kusema mwendo wa wapi. Na wewe ulifanya sawa kabisa kuamini kina na kugeuka, barua ingine ingeandikwa na watu wa bima.

Ile pembetatu ya kwenye karatasi imechorwa juu ya ardhi. Mnara umejengwa kwenye ardhi. Kwa hiyo upande wa A mpaka B lazima uwe maili za juu ya ardhi, na kile kidude kinachozunguka chini ya boti yako kinapima maji yanayokipita, sio ardhi. Maji yakiwa yamelala, sawa. Maji yakitembea kila mtu anasema lake. Tuseme mkondo ulikuwa unakuja usoni kwako noti 1.5. Kipima mwendo kinaona 6, nusu saa, maili 3. Ardhi inaona 4.5, nusu saa, maili 2.25. Basi hukuwa maili 3, ulikuwa 2.25, na hapo kina cha mita 14 hakishangazi. Mkondo wa usoni siku zote unakufanya ujione uko mbali kuliko ulivyo, huo ndo wa kuogopa. Wa kukusukuma kutoka nyuma unakudanganya kinyume, uko mbali zaidi ya hesabu, sio hatari kwa mnara huu lakini bado nukta yako kwenye chati ni ya uongo na unaweza kuwa unaelekea kwenye fungu la upande wa pili.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mkondo wa pembeni, au upepo, unaokusogeza taratibu kuelekea nchi kavu wakati omo bado iko sawa sawa na dira. Macho yako yanapima pembe kutoka omo lakini boti haiendi inakotazama omo, inakwenda upande kama kaa wa pwani. Kwa noti 6 unahitaji mkondo wa noti 1 tu kutoka pembeni ili njia yako iende nyuzi 10 upande. Sasa ile 45 yako kwa njia halisi ni 35, na 90 yako ni 80. Ukipiga upya, maili 3 zinakuwa maili 2 na nusu. Ukitumia 30 na 60 ni mbaya zaidi, unapoteza karibu theluthi nzima ya umbali unaodhani unao. Weka vyote viwili pamoja, wa usoni na wa pembeni, uone namna watu wanavyoamka juu ya mwamba na hesabu zao mkononi ni safi kabisa.

Sasa zile dakika 9 nilizosema zikumbukwe. Ukiwa umepima 30 na 60 usifunge daftari, endelea mpaka mnara uje ubavuni, na angalia saa. Muda wa kutoka 60 mpaka 90 unatakiwa uwe nusu ya muda wa 30 mpaka 60. Dakika 18 alafu 9. Ukiona mnara umefika ubavuni mapema, tuseme dakika 6 tu, unasogezwa kuelekea mnarani. Ukichelewa, tuseme 12, unasogezwa nje. Kwa nyuzi 10 za kwenda upande ndo hizo 6 na hizo 12 takriban, kwa hiyo hata ukubwa wa tatizo unauona. Yule bwana wa gundi hapo juu naye anayo, kwake vipande viwili vinatakiwa vilingane, dakika 15 na 15, kipande cha pili kikiwa kifupi kuliko cha kwanza ujue unavutwa ndani.

Ila ujanja huu hauoni mkondo wa usoni wala wa nyuma, maana wenyewe unavirefusha au kuvifupisha vipande vyote kwa kiwango kimoja na nusu inabaki nusu. Kwa huo lazima utafute kasi ya juu ya ardhi kwa njia ingine, jedwali la mikondo, au pima muda kati ya maboya mawili ambayo chati inakupa umbali wake, au GPS. Na kina, kama ulivyofanya.

Jambo dogo la mwisho kwako: usibadilishe omo katikati ya pembe mbili. Ukikwepa wavu wa mtu ukageuka nyuzi 20 alafu ukarudi, anza upya. Kasi ukibadilisha hakuna shida ilimradi maili unazijua. Na boti ikiwa inayumba kwenye mawimbi usisome pembe hovyo, mshika usukani apige kelele "sasa!" omo ikiwa kwenye namba yake ndo usome. Au kama una dira ya mkononi achana kabisa na omo: njia yako 070, basi subiri mnara usome 100 kwenye dira, hiyo ni 30, alafu 130, hiyo ni 60, alafu 160 ni ubavuni. Dira haijali boti kuyumba.

Swali: Kapteni na GPS ipo kwenye simu unatuchosha na pembe za nini?

Jibu: GPS ni nzuri na mimi ninayo mbili. Itumie hapa hapa, kasi yake ni ya juu ya ardhi na mwelekeo wake ni wa njia halisi, ukipima pembe kutoka kwenye mwelekeo huo badala ya omo malalamiko yote ya barua iliyopita yanakufa. Ila simu huingia maji na chaji huisha, kuna maeneo siku hizi mawimbi ya GPS yanavurugwa makusudi mpaka meli inaonekana iko uwanja wa ndege, na siku hiyo utafurahi kuwa na kitu kinachotoka kwenye jicho lako. Mnara hauvurugwi.

Swali: Shikamoo. Kuna namna ya kupata umbali bila kusubiri? Nusu saa ni ndefu nikiwa na wasiwasi.

Jibu: Marahaba. Ukiwa na sekstanti, kile kifaa cha mabaharia cha kupimia pembe, pima pembe ya kusimama, kutoka usawa wa maji mpaka kwenye taa yenyewe (taa, sio ncha ya paa, maana urefu ulioandikwa kwenye chati ni wa taa). Urefu kwa mita zidisha kwa 1.856 gawanya kwa dakika za pembe. Taa ya mita 48, pembe nusu digrii yaani dakika 30, uko karibu maili 3. Urefu wa chati huhesabiwa kutoka maji makubwa, kwa hiyo maji yakiwa yamepwa taa iko juu zaidi na wewe uko mbali kidogo kuliko hesabu, kosa la upande salama. Hii ndo nzuri kuliko zote nilizosema leo kwa kuwa haijali mkondo wala kasi, sema sekstanti nani anayo.

Bila sekstanti kuna kidole gumba. Nyoosha mkono, funga jicho moja, weka gumba kwenye ukingo mmoja wa kisiwa, badilisha jicho, gumba litaruka. Umbali wako ni kama mara kumi ya lilivyoruka. Likiruka upana wa kisiwa kizima na chati inasema kisiwa kina nusu maili, uko kama maili 5. Ni ya kukadiria, usiipitishie boti kwenye mlango wa mwamba.

Na usiku, taa ikichomoza tu juu ya upeo: kipeuo cha pili cha urefu wa taa jumlisha kipeuo cha pili cha urefu wa jicho lako, zote kwa mita, zidisha kwa 2.08. Taa mita 36, jicho mita 4, ni 6 na 2, nane, maili 16.6. Hakikisha ni taa yenyewe na sio mwanga wake unaopiga mawinguni.

Swali: Nahodha, hii dabo naweza kuitumia kwa meli? Usiku naona taa zake, nataka kujua iko umbali gani.

Jibu: Hapana dada, kitu lazima kiwe kimesimama, meli inatembea na pembetatu yako inatembea nayo. Hata meli iliyotia nanga usiiamini mpaka uhakikishe kweli imetia. Lakini endelea kuipima kwa sababu ingine kabisa. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano za mwaka 1972, kanuni ya 7, zinasema mwelekeo wa dira wa chombo kinachokukaribia usipobadilika ipasavyo, hesabu kuna hatari ya kugongana. Wa dira, sio wa omo, kwa sababu ile ile ya boti kuyumba. Na kanuni hiyo hiyo inaonya kwamba hata mwelekeo ukibadilika hatari inaweza kuwepo, hasa ikiwa ni meli kubwa sana, au inavuta nyingine nyuma, au mko karibu. Umbali wake utaupata kwenye rada, na kama huna rada, basi chukulia iko karibu kuliko unavyodhani na anza kukwepa sasa hivi, kwa kona kubwa ambayo mwenzio ataiona.